Mashimo Tisa ya Mheshimiwa Rais

Jina la nchi hiyo nalijua, ila niliapishwa mpakani nisilitaje, na mimi kiapo nakiheshimu, hasa kikigongwa muhuri. Itoshe kusema kwamba ipo. Ukitoka kwenu ukatembea huku unauliza njia, utaipita. Na kama hujawahi kutoka kwenu, huenda uko ndani yake.

Niliingia kwa miguu, kandambili moja nzima, ya pili imefungwa waya. Ofisa wa mpakani akanisogezea fomu yenye visanduku viwili: RAIA na UJUMBE WA KIMATAIFA.

"Mimi mpita njia tu," nikasema.

"Mpita njia hana kisanduku, mzee. Wewe raia?"

"Hapana."

"Basi wewe ni ujumbe."

"Lakini niko peke yangu, bwana."

"Ujumbe mdogo," akasema, akagonga muhuri. "Umekuja kwa ajili ya Mkataba, siyo?"

Mkataba wowote sikuujua, ila nilikuwa na njaa na kwa nyuma yake palikuwa panatoka harufu ya pilau. Nikasema ndiyo.

Ndivyo nilivyovishwa kitambulisho kilichoandikwa MWANGALIZI, nikapelekwa mji mkuu, nikakalishwa kwenye Baraza la Mawaziri mbele ya sahani ya sambusa. Shule niliisoma vipandevipande, mwaka huku, miezi sita kule, kwa hiyo waliyosema wasomi mle ndani sikuyashika yote. Nayatoa kama yalivyonifikia.

*

Mkataba wenyewe haukuwa mgumu. Nchi za dunia zilikubaliana zipunguze moshi, maana moshi unaipasha dunia joto, na joto linapandisha maji. Nchi itakayotia sahihi kabla ya Jumamosi saa sita mchana ingeletewa mitambo na mawe ya kujengea tuta mahali maji yanapopanda. Isiyotia ingeletewa barua ya masikitiko.

Na maji yalikuwa yanapanda kweli. Nchi ile ina pande mbili. Kuna Mlimani, penye Ikulu, wizara zote na wanaokula mara tatu. Halafu kuna Bondeni, kando ya mto, penye watu waliobaki. Kule Bondeni mto ulikuwa umeshakula safu mbili za nyumba, soko la samaki na nusu ya zahanati. Nusu iliyobaki ilikuwa ile yenye picha ya Rais.

Serikali iligawanyika. Waziri wa Makaa, Bwana Shebughe, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, hakutaka kuusikia Mkataba. Tanuri zote za mkaa nchini zilikuwa za mama mkwe wake, na yeye ni mtu mwenye adabu kwa wakwe. Waziri wa Safari za Nje, Mama Ndekio, alitaka sahihi itiwe jana, kwa sababu nchi zenye sahihi hukutana kila mwaka kwenye mji wenye maduka, na ujumbe wake wa watu mia moja kumi na wanne ulikuwa umeshashona sare.

"Mheshimiwa Rais," akasema Shebughe, "moshi ni utamaduni wetu. Babu zetu walipika kwa moshi, walifukuza mbu kwa moshi, waliongea na mizimu kwa moshi."

"Na macho yao yalikuwa mekundu," akasema Mama Ndekio.

"Ya furaha!"

"Haya, ya furaha. Na maji ya Bondeni?"

"Maji ni uhai, mama. Serikali hii tangu lini imelalamika wananchi wakipata uhai mwingi?"

Rais wao, Mheshimiwa Lupogo, alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa namna moja: hakupenda kumuudhi mtu aliyemo chumbani. Waliokuwa nje ya chumba hakuwa na neno nao. Kichwani alivaa Kofia, nyekundu, yenye shada la manyoya meupe. Kwa sheria ya nchi ile, neno la Rais si amri na sahihi yake si sahihi mpaka awe ameivaa, kwa hiyo alikuwa anaoga nayo.

Aliinamisha Kofia, akafikiri, akaiinua.

"Tutatia sahihi," akasema, "kwa penseli."

Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Waziri mmoja alilia. Iliundwa Kamati ya Penseli, ikakaa siku tatu. Shebughe alitaka penseli yenye raba nyuma yake. Mama Ndekio alitaka iliyochongwa pande zote mbili, ili raba ikose pa kukaa. Profesa mmoja aliwasilisha kurasa tisini juu ya ugumu wa penseli katika mataifa yanayoendelea. Mwishowe wakanigeukia mimi.

"Jumuiya ya kimataifa inasemaje?"

Nikasema sambusa zimepoa. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba jumuiya ya kimataifa imeonyesha wasiwasi.

*

Kwenye benchi la nje ya ukumbi ule, kila nilipotoka kunyoosha miguu, nilimkuta mwanamke mmoja wa makamo, kanga mbili, miguu ina tope lililokauka mpaka magotini. Aliitwa Bi Somoe, wa Bondeni. Alikuwa kwenye dirisha la Malalamiko, na karani alikuwa anamhudumia vizuri sana.

"Hayo maji, mama, yaliingia kwako kwa kibali cha nani?"

"Yaliingia yenyewe, mwanangu."

"Hakuna kinachoingia chenyewe nchi hii. Jina la maji?"

"Mto Luwe."

"Jina la baba yake?"

Bi Somoe alimtazama. "Mvua," akasema.

Karani akaandika. "Anaishi wapi?"

"Kwetu. Tangu mwezi wa tatu, chumba cha baba."

Alinigawia karanga, nami nikamgawia sambusa ya Baraza, tukakaa. Akanieleza shida yake, na ilikuwa shida moja tu. Baba yake, Mzee Kalembo, alikuwa mgonjwa wa kuondoka. Maisha yake yote alifyatua matofali, miaka arobaini miguu ndani ya tope. Matofali ya Ikulu yenyewe ni yake.

"Hataki nyumba, hataki dawa," akasema. "Ananiambia, Somoe, nimeishi kwenye tope, nikifa nilaze pakavu. Basi. Na Bondeni pakavu hapajabaki hata pa kumfukia paka. Tuta likijengwa, mto utarudi kwake, na makaburini patakauka. Lisipojengwa, baba yangu nitampeleka wapi, kaka?"

Ndani walikuwa wanapiga kura kama penseli iwe nyeusi au ya rangi ya bendera.

*

Sasa lazima niwaeleze jambo moja la nchi ile, maana bila hilo mtaniona mwongo.

Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni ni watani. Mtani unamtukana, unamdhihaki, unamnyang'anya kitoweo mkononi, naye hana ruhusa ya kukasirika. Lakini utani una mzigo wake: mtu wa Bondeni akifa, kaburi lake halichimbwi na wa kwao, linachimbwa na mtani wa Mlimani. Na mchimbaji haombwi kwa barua. Mfiwa huenda akamvua kofia hadharani, akaondoka nayo. Aliyevuliwa ndiye mchimbaji, kwa mikono yake, na kofia hairudishwi mpaka maiti alale. Katiba ya nchi ile inaanza hivi: "Hakuna kilicho juu ya Katiba hii, isipokuwa utani." Imefanyiwa marekebisho mara kumi na saba, na neno hilo hakuna aliyethubutu kuligusa.

Ijumaa asubuhi Rais alisimama kwenye baraza ya Ikulu kupokea Penseli. Ililetwa juu ya mto wa hariri, bendi inapiga, mabalozi wamesimama juani. Bi Somoe akatokea katikati ya tarumbeta, kanga ameifunga kiunoni. Walinzi walidhani ni mwimbaji.

"Mtani!" akaita.

Kabla Rais hajasema naam, Kofia ilikuwa mkononi mwa Bi Somoe.

Bunduki thelathini ziliinuka. Mkuu wa walinzi akapiga kelele, "Shusheni! Shusheni, wajinga! Ni utani huo!"

Rais alijifunika upara kwa mikono miwili. Nchi nzima ilikuwa haijawahi kuuona. Ulikuwa upara wa kawaida.

"Nani... nani amekufa, mtani?"

"Kalembo, mfyatua matofali. Alfajiri ya leo."

"Pole sana, mtani. Nitakutumia Waziri wa Ujenzi, ana vijana wenye nguvu."

"Kwani kofia hii ya Waziri wa Ujenzi?"

"Si yake."

"Basi njoo na jembe. Na uje na miguu yako uliyozaliwa nayo, siyo hiyo yenye magurudumu."

Akaikunja Kofia kifuani, akashuka mlima. Njiani mvua ilimkuta akaivaa asilowe, na kambi nzima ya jeshi ikatoka mbio kumpigia saluti. Aliwaambia wapumzike. Naambiwa ndiyo amri pekee ya siku ile iliyotekelezwa.

*

Basi Rais alishuka Bondeni na jembe, kichwa wazi, mawaziri nyuma yake wakiwa wamevaa mabuti mapya, na mimi nyuma yao kwa niaba ya dunia. Watani wa Bondeni walikuwa wamejaa makaburini. Msiba ni msiba, lakini nafasi ya kumsema Rais usoni haiji kila mwaka.

"Angalieni anavyolishika jembe, kama kipaza sauti!"

"Muacheni, anatafuta kura chini huko, huku juu zimeisha!"

"Mtani, jembe lina upande mmoja tu wa kukata. Usilipeleke kwenye kamati!"

Rais alitabasamu, maana sheria ilimtaka atabasamu, akachimba. Jembe la nne likasema chubwi. Maji yakajaa shimoni mpaka gotini.

Akasogea hatua ishirini, akachimba. Maji. Akapanda juu kidogo, penye ukanda mwembamba wa ardhi karibu na njia. Maji. Alichimba mpaka alasiri, mpaka malengelenge yakapasuka, na kila shimo lilijaa kabla hajatoka ndani. Mashimo tisa. Hakuna aliyecheka tena. Jeneza la Mzee Kalembo lilikuwa juu ya meza mbili zilizopandishwa juu ya matofali, matofali yake mwenyewe, na Bi Somoe alikuwa amesimama kando yake.

"Haya si maji," akasema Shebughe. "Huu ni unyevu wa upinzani."

Halafu akayatazama yale mashimo tena, na uso wake ukaanza kung'aa. Akamnong'oneza mtu wa redio. Kufumba na kufumbua ulitoka utepe, sijui nani alikuwa nao mfukoni, ukafungwa kwenye shimo la kwanza, na Waziri wa Makaa akaukata.

"Ndugu wananchi!" akapaza ile sauti yake nyembamba. "Kwa mikono yake mwenyewe, katika siku moja, Mheshimiwa Rais amewachimbia visima tisa! Na kwa kuwa sasa mna maji ya kutosha, Serikali haioni haja ya tuta la kuyazuia. Penseli irudishwe ghalani!"

Redio ilitangaza papo hapo. Mama Ndekio aliketi chini kwenye tope, akazikumbuka sare mia moja kumi na nne, akaanza kulia kwa sauti; wageni walidhani ni ndugu wa marehemu.

Bi Somoe akaenda mpaka ukingoni mwa shimo alimosimama Rais.

"Mtani," akasema taratibu, "baba yangu si ndoo. Hashushwi kisimani."

Rais alipangusa tope usoni. "Nifanyeje, mtani? Pakavu sipaoni."

"Unajua unavyofanya. Bibi yako alikufundisha."

Alijua. Kila mtu alijua. Mtani aliyekosa shimo kwa mfiwa hulitoa kwenye ua wake.

*

Jeneza halikuingia kwenye gari lolote isipokuwa la Rais. Redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa amempokea mgeni mashuhuri kutoka Bondeni, ambaye atakaa sana.

Jumamosi asubuhi bustani ya Ikulu ilijaa watu wa Bondeni. Walikanyaga nyasi ambazo hata mabalozi walikuwa wanazizunguka. Rais alichagua pembeni, chini ya dirisha la chumba chake, akachimba. Udongo ulitoka mwekundu, mkavu, wa kuvunjika. Bi Somoe alichukua bonge moja, akalisugua shavuni.

"Ni huu," akasema. "Baba, ni huu."

Shimo lilipofika kifuani mwa Rais, jembe likasimama.

Kwenye kona, upande wa dirisha, kulikuwa na uzi mwembamba wa maji. Ulishuka polepole kwenye udongo mwekundu, ukiwaka juani. Rais aliutazama. Akainua macho akaitazama Ikulu. Akatazama chini sana, Bondeni, mto unakong'aa. Halafu akautazama uzi tena.

"Yamefika," akasema kwa sauti ndogo.

"Mheshimiwa, huo ni umande," akasema Shebughe.

"Nyamaza, Shebughe. Chini ya kitanda changu! Leteni Mkataba. Leteni kalamu."

Wakamletea Penseli juu ya mto wake wa hariri.

"Nimesema kalamu! Ya wino! Ya wino usiotoka!"

Kalamu ikaletwa. Lakini Rais akajishika kichwa, na kila mtu akaona tatizo. Kofia. Sahihi ya mtu mwenye upara ni mwandiko tu. Na saa ya mnara wa Ikulu ilikuwa sita kasoro robo.

"Mtani," akasihi kutoka shimoni, "niazime tu. Dakika moja. Nitie sahihi, nikurudishie."

Kofia ilikuwa kifuani mwa Bi Somoe, na mikono yake juu ya Kofia. Niliona anavyoitazama ile saa. Tuta lote lilikuwa pale, mawe yake na mitambo yake, makaburi ya mama yake na babu zake, na yeye kutoa mkono tu.

"Baba hajalala," akasema. "Nikikupa sasa utapanda juu, na yeye atabaki hapa juu ya nyasi kama mzigo uliosahauliwa. Mkaushie kwanza."

"Nimkaushieje? Mimi Mungu?"

"Wewe mtani. Kausha."

Mtunza bustani wa Ikulu, mtu mmoja kimya aliyeitwa Tenga, alikuwa amesimama nyuma na fagio lake. Nilimwona anaweka fagio chini, anazunguka nyuma ya ua wa michongoma, anainama. Akarudi akalishika fagio lake kama hakuondoka. Na ule uzi ukakonda, ukawa matone, ukakatika.

Rais hakuuliza. Alikwangua tope la kona ile kwa kucha zake, akalitupa nje, akafika kwenye udongo mkavu, akapanda. Mzee Kalembo akashushwa. Watani walifukia, wengine kwa majembe, wengine kwa mikono, mawaziri kwa mabuti. Bi Somoe alipiga udongo wa mwisho kwa kiganja, mara tatu.

"Amelala," akasema, akatoa Kofia.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili. Rais aliivaa kombo, akatia sahihi juu ya mgongo wa Waziri wa Makaa, kwa sababu ndiyo meza iliyokuwa karibu. Mama Ndekio alipiga vigelegele. Shebughe alipoachiwa mgongo wake, aliomba ruhusa akampigie simu mama mkwe.

*

Watu walipotawanyika nilibaki kumuaga Bi Somoe. Alikuwa ameketi kando ya kaburi, ameegemea ukuta wa matofali ya baba yake. Tenga akaja, fagio mkononi, anatazama kulia na kushoto.

"Dada, pole na msiba. Kuna jambo linanikera moyoni."

"Sema, kaka."

"Yale hayakuwa maji ya mto. Ni bomba langu la kumwagilia maua. Limepasuka tangu mwaka juzi. Nimeandika barua kumi na moja, najibiwa kwamba Ikulu hakivuji kitu. Mimi nimefunga koki tu, basi. Sasa sijui nimwambie Mheshimiwa?"

Juu, pazia la dirisha la Rais lilisogea. Mheshimiwa alikuwa amesimama na Kofia yake, anachungulia, siyo sisi, bali ile kona. Nami nikaliona gari la Shebughe bado limeegeshwa mlangoni, nikakumbuka ile mitambo ambayo ilikuwa haijapakiwa hata melini, na kwamba karatasi ya wino nayo huchanika.

"Kaka Tenga," akasema Bi Somoe, "hiyo koki huwezi kuifungua kidogo?"

"Naweza hata tone kwa tone, dada."

"Basi kila Ijumaa asubuhi, fungua kidogo, upande wa dirisha lake. Mpaka siku nitakayoliona tuta kwa macho yangu." Akaweka kiganja juu ya udongo mwekundu, akausawazisha. "Ila upande huu wa baba, angalia pasilowe."